Pete ya Pili Kutoka Ukingoni

Nilimletea mama kijiko cha chuma kutoka Kisumu
ndipo akaniachia gamba lake:
gamba la kome wa mto Nyando, pana kama kiganja cha mtoto,
lililokwangua ukoko wa ugali miaka yote
hata upande mmoja ukaliwa na sufuria,
ukabaki mwembamba, unakata kama wembe.
"Na huko kazini kwenu," akauliza, "mtalipikia nini?"

Nikamwambia kome huandika.
Mvua ikija hufungua mdomo, hula,
gamba hujengeka kwa upana.
Kiangazi kikibana, maji yakipungua na kupata moto,
hufunga mlango, hunyamaza,
na kimya chake hubaki mstari mweusi.
Akacheka.
"Basi kome ni kama baba yako."

Maabara yetu iko ghorofa ya pili, juu ya karakana ya pikipiki.
Nililizamisha gamba katika gundi, likalala humo usiku kucha.
Asubuhi msumeno wa almasi ukalia sauti ya jino linalotobolewa,
ikapanda harufu ya kucha zilizoungua.
Stima ikapotea mara mbili.
Makokha akanishikia tochi ya simu.

Nikachimba unga kutoka kila pete,
kiasi kisichotosha kukolea yai,
na mashine ikaupima:
oksijeni nzito, jua limeunywa mto;
oksijeni nyepesi, vilima vya Nandi vimemwaga mvua
na Ahero nzima imepanda juu ya meza.

Sisi nasi huandika, ila kwa watoto.
Okoth alishuka na mvua.
Oluoch, mawingu yalikuwa yamefunga.
Na kaka yangu Okech, mtoto wa njaa,
jina alilolisoma mwalimu kila asubuhi
na darasa likageuka kumtazama mbavu.

Mama aliliokota gamba hili wiki aliyomwachisha ziwa.
Anakumbuka: matiti yalimuuma
hata akayakanda kwa maji ya mto, akakanyaga kitu kigumu topeni.
Kwa hiyo ukingo ni kuachishwa,
na pete ya pili kwenda ndani ni kuzaliwa.
Nilitazamia uzi tu, weusi juu ya weusi.

Nikakuta pete pana kuliko zote.

Nikahesabu upya, upande ule ambao sufuria haikuugusa.
Nikamwita Makokha, akahesabu bila kuambiwa kitu.
Nikapima unga mara tatu:
nyepesi, nyepesi, nyepesi.
Mwaka ule Nyando ulijaa, kome wakashiba,
na mpunga, bila shaka, uliinamisha vichwa hadi kwenye tope.

Jumamosi nilimkuta akichambua mawe katika dengu.
Nikaanza kwa mbali:
kwamba gamba moja si ushahidi,
kwamba huenda kome huyu aliishi penye kina
ambapo kiangazi hakikumfikia.
Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio inayokoroma.

"Mimi sikusema mto ulikauka," akasema.
"Nilisema nilimzaa kwa njaa.
Ghala lilijaa hadi paa.
Baba yako alilifungua usiku,
lori likaja kutoka Awasi, taa zimezimwa,
magunia kumi na manne.
Kulipokucha nikafagia punje zilizodondoka njiani,
nikapika uji wa hizo.
Jina alilitoa yeye mwenyewe. Watu wakatupa pole,
nami nikazipokea."

Akatupa jiwe nje ya mlango. Kuku wakalikimbilia, wakaliacha.

Kijiko cha chuma kilining'inia ukutani, bado kina karatasi ya bei.
Akapeleka mkono nyuma ya mtungi
akatoa gamba, pana kama kiganja cha mtoto,
pete zilezile.
"Kome ana milango miwili," akasema. "Wewe uliomba mmoja."
Akaivuta sufuria ya jana, akaanza kukwangua.
"Hili usilikate."